Ubao wa kupangia viraka

SWALI: Habari za kazi, mhariri? Nashona mfarishi wa viraka kwa mabaki ya vitenge. Nikivipanga sakafuni, watoto wanavikanyaga na mpangilio wote unavurugika. Nitengenezeje ubao wa ukutani unaovishika bila gundi? – Mama wawili, Morogoro

JIBU: Nzuri, dada. Kinachoshika ni kitambaa cha flaneli: manyoya yake madogo hunasa nyuzi za pamba. Chagua nyeupe au kijivu, isiyo na maua, la sivyo itakudanganya rangi.

Tafuta sofubodi, ule ubao mwepesi wa kubandikia matangazo, futi 4 kwa 8. Kata flaneli izidi sentimita 10 kila upande, ipige pasi, kisha ikunjie nyuma na kuipiga pini za stepla. Anzia katikati ya kila upande, ukivuka upande wa pili kabla ya kusogea. Pembe ziwe za mwisho kabisa. Ukianzia pembeni, makunyanzi hukusanyika katikati. Usiivute kwa nguvu, maana ikivutika, mistari yako itaonekana imepinda.

Usiusimamishe wima kabisa. Egemeza ubao, chini utokeze kama sentimita 15, viraka vilale juu yake.

Kitenge kipya huteleza kwa sababu ya wanga wa kiwandani, basi kifue kwanza. Kipande kikubwa, au ulichokwisha kukiunga na vingine, kichomeke pini moja juu. Na feni izime!