Shangazi, nikizima taa naanza kujisema

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mhasibu. Katika kikao cha mwisho wa mwezi nilisoma jumla ya safu isiyo yake, nikatoa hesabu ya mwezi uliopita. Meneja alinisahihisha kwa upole na kikao kikaendelea. Nadhani wenzangu wameshasahau, ila mimi bado. Nikizima taa tu naanza: "Mjinga wewe. Wameshakujua kuwa hufai. Kwa nini kila kitu unakiharibu?" Nakesha mpaka saa nane za usiku. Rafiki yangu alinishauri kila asubuhi nisimame mbele ya kioo niseme, "Mimi ni hodari, ninapendwa." Nimejaribu, na najisikia vibaya kuliko mwanzo. Je, nina kasoro gani? — Mwenye Kukesha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kasoro huna, na nafurahi umelitaja hilo la kioo, kwa sababu wengi hulijaribu, likawashinda, wakajihukumu mara ya pili. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Kanada, pamoja na wenzake, waliwataka watu warudie maneno ya kujisifu ya aina hiyohiyo. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walifaidika kidogo. Waliojiona duni walijisikia vibaya zaidi ya wenzao ambao hawakurudia chochote. Binafsi sishangai. Ukijiambia "mimi ni hodari" wakati huamini, akili inaanza papo hapo kukukumbusha siku zote ulizokosea. Kwa hiyo achana na kioo.

Usijilazimishe pia kuyafukuza mawazo. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe hawakuweza kumtoa akilini. Kujiamuru "acha kuwaza" saa nane za usiku ni kujitwisha kazi ya namna hiyo.

Sasa turudi kwenye barua yako. Nimeisoma mara kadhaa, na naona umeandika hadithi mbili. Ya kwanza ni ya kikao: safu moja, jumla moja, ukasahihishwa palepale. Ya pili ni ya kitandani, na humo hamna safu wala jumla. Mna mtu mjinga, asiyefaa, anayeharibu kila kitu. Hadithi ya kwanza ilitokea. Ya pili unaitunga usiku, na ndiyo inayokunyima usingizi. "Mjinga wewe" ni tusi tu, halina habari yoyote ndani yake. "Wameshakujua" ni kudai umeona yaliyomo mioyoni mwa watu ambao wewe mwenyewe unasema wameshasahau. Na "kila kitu"? Wewe ni mhasibu, mwanangu. Mtu angekuletea hesabu inayosema "kila kitu" kwa risiti moja, ungeipitisha?

Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na mawazo ya haraka mno, nao wakayaamini bila kuyakagua. Tiba aliyoijenga iliwafundisha kuyakagua. Nawe fanya hivyo kwa kalamu, maana kichwani maneno hukimbia. Andika sentensi kama inavyokujia, na tusi lake. Chini yake andika kilichotokea, kisha hatua moja. Kwa mfano: "Nilisoma safu ya mwezi uliopita. Nilisahihishwa. Kikao kijacho nitaipigia mstari safu ya mwezi huu kabla sijaingia." Angalia, humo hakuna sifa hata moja. Maneno hayo yatakufaa kwa sababu ni ya kweli, na huwezi kubishana nayo.

Lile swali la "kwa nini" ndilo linalonitia wasiwasi kuliko tusi. Marehemu Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia, alitumia miaka mingi kuchunguza tabia ya kucheua huzuni, yaani kuuliza tena na tena kwa nini niko hivi, na akaonyesha kuwa huirefusha huzuni badala ya kuiondoa. Linaonekana kama swali la kutafuta suluhisho, ndiyo maana tunaling'ang'ania, lakini kila jibu lake huzaa "kwa nini" nyingine. Badala yake jiulize: nini hasa kilitokea? Nitafanya nini, na lini? Maswali hayo yana mwisho.

Jaribu pia kujiita kwa jina lako. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojisemesha kwa majina yao walipoingia katika jambo la kuwatia hofu, kama kutoa hotuba, walifadhaika kidogo kuliko waliosema "mimi", na baadaye hawakulichekecha sana. Utaniambia tayari unajiita "wewe". Ndiyo, lakini unamwita huyo "wewe" kumtukana. Mwite kama unavyomwita mdogo wako aliyekuja na shida hiyohiyo: "Fulani, ulikosea safu. Kesho utafanya nini?"

Tenga nusu saa ya kuwaza, kila siku saa ileile, mbali na kitanda, na kalamu mkononi. Mawazo yakija usiku, yaandike kwa ufupi uyaahirishe hadi saa hiyo. Usingizi ukikataa kwa dakika kama 20, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Usiku wa kwanza huenda usione tofauti. Endelea.

Ikiwa huzuni au kukosa raha imedumu wiki mbili au zaidi, au chakula na kazi vimekushinda, mwone daktari au mshauri nasaha umweleze kama ulivyonieleza mimi. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje jibu la gazeti: mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo, akupeleke hospitali.