Dagaa walipoloa, nilijiona nimekwisha

Mleta mada, umesema umeachishwa kazi wiki tatu sasa na unajiona si mtu tena. Pole sana, ndugu yangu. Nimepita hapo.

Mwaka 2019 nilikuwa na mzigo wa dagaa Igombe, mwalo wa wavuvi huku Mwanza, umeanikwa mchangani. Giza lile, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, vijana walivua vizuri, nikanunua kwa hela yangu yote na mkopo juu. Mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikachota konzi moja: utelezi, matumbo yamepasuka, harufu. Dagaa wa kupeleka Kongo wakawa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Deni liliniuma, lakini kilichonilaza kitandani ni kingine. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nilikuwa mfanyabiashara, tena mweka hazina wa kikundi chetu. Marafiki zangu wote wa palepale. Hata nyumbani nilijiona baba kwa sababu ya yale magunia. Ukihesabu utaona nilikuwa na vyeo vinne. Vyote vilining'inia kwenye kamba moja.

Baadaye nikakuta mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Linville, aliliandika jambo hili mwaka 1985 na 1987. Aliwapa wanafunzi wa chuo kadi 33, kila moja imeandikwa tabia moja ya mtu, wazipange kwa mafungu kufuata pande za maisha yao. Wenye pande chache, tena zinazofanana, walipofeli jambo moja roho iliporomoka zaidi. Walipofaulu, ilipaa zaidi. Hilo la kupaa lilinigusa, maana mzigo ukienda vizuri nilikuwa siambiliki. Tafiti za baadaye hazikukubaliana naye zote, ila kwangu alipiga palepale.

Kilichoniinua ni kwaya. Mama watoto alinisukuma nirudi mazoezini. Nimekaa na wenzangu wa besi, kichwa kimejaa deni, mwalimu akasimamisha wimbo: "Baba, mstari wa pili unachelewa kuingia." Hakuna aliyeniuliza habari za dagaa. Tukarudia mara sita mpaka nikaingia sawa. Usiku ule nililala.

Kwa hiyo, mkuu, usishinde na watu wa ofisi ileile, mtaongea kazi ileile. Umegusia kwamba zamani ulifundisha mpira watoto wa mtaa wenu. Uwanja bado upo? Nenda kesho jioni, hata kama ni kuwashikia mipira tu. Barua za kuomba kazi ziandike asubuhi.