Sheikh, kidonge cha klabu si pombe, sasa nacho ni haramu?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko kampasi hapa Nairobi na nyumbani ni Islii. Pombe wallahi sijawahi kuonja, lakini wikendi zingine tukienda pati kule Westlands na mabeshte huwa nameza moli, ile tembe, saa zingine nusu tu. Hainuki mdomoni, haikufanyi uyumbeyumbe barabarani, na Alfajiri naswali. Beshte mmoja anasema hiyo si khamr, yaani mvinyo, na haijatajwa kwenye Qur'an. Mwingine anasema ukishameza swala yako haikubaliwi siku arobaini kwa hivo afadhali usiswali mpaka ziishe. Sasa Jumamosi iliyopita mwenzetu alimeza mbili akazima, mwili moto kama amewekwa kwa jiko, anasaga meno, ukimwita haitiki. Tuliogopa polisi na tukaogopa mamake ajue, tukamlaza siti ya nyuma ya gari, tukafungua madirisha tukamnywesha maziwa. Akaamka saa nne asubuhi, alhamdulillahi. Je tulikosea? Tumwambie mamake? Na nimebaki na tembe tatu, naweza kuuzia mtu nirudishe pesa yangu halafu niache kabisa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu nitaanza na hiyo ya gari, manake ndio imenishtua, hiyo ya halali na haramu nitaifikia na haina maneno mengi.

Ndio, mlikosea, na hilo ndilo kosa kubwa kwenye swali lako lote, kubwa kuliko hata kumeza. Kumeza alijidhulumu mwenyewe. Lakini kijana amezima mbele yenu, mwili unachemka, nyinyi mko na gari na simu na hospitali ziko kila upande mpaka Westlands hapo hapo, halafu mnakaa kumtazama usiku kucha mkiomba aamke, hapo mlimweka roho yake rehani kwa sababu ya aibu. Allah anasema kwenye Suratul Maida aya ya 32 kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Na mafaqihi wetu, wanazuoni wa sheria ya dini, wamesema wazi kabisa, mtu yuko ndani ya swala, swala ya faradhi, akiona mwenzake anazama majini anakata swala anaenda kumtoa. Sasa kama swala inakatwa, mnaniambia hofu ya mama wa mtu haikatwi?

Najua mtanijibu sheikh si tumefundishwa kusitiriana. Ndio, hadithi iko kwenye kitabu cha Imam Muslim, anayemsitiri Muislamu Allah atamsitiri duniani na akhera. Lakini kusitiri ni usiende kutangaza msikitini na kwa status, usimpige picha akiwa amezima ukatuma kwa grupu (na hiyo nimeona ikifanyika, subhanallah). Kumficha mgonjwa asionwe na daktari si sitara. Nimeshaosha maiti za vijana mimi, na kuna moja ambayo familia ilituambia presha, kijana wa miaka ishirini na kitu, presha, na marafiki zake walikuwa wamesimama nje kwa mlango hawataki kuingia wala kuniangalia usoni. Sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo nikisikia neno sitara linatumiwa vibaya huwa sinyamazi.

Sasa nikuambie mwenzenu alikuwa anapitia nini kule nyuma ya gari, manake nyinyi vijana mnadhani hiyo tembe ni kitu cha furaha tu na hatari iko kwa heroini na unga. Mimi si daktari lakini hii nimeifuatilia sana kwa sababu ya maswali yanayokuja. Moli, ama eksitasi, jina lake la maabara ni MDMA, ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1912. Ikiingia mwilini moyo unaenda mbio, presha inapanda, na ile mashine ya mwili inayopunguza joto inavurugika. Sasa mtu yuko ndani ya klabu imejaa watu, hakuna hewa, anacheza masaa matatu hasikii kuchoka wala kiu, joto linapanda tu. Likipita digrii 40 hapo ndio kuna kifo, misuli inaanza kuvunjika, takataka zake zinaenda kuziba figo, damu inavurugika, degedege inaingia. Huko kusaga meno ulikokuona ni moja ya dalili zake, ndio maana utawaona wanatafuna bigijii usiku mzima. Mwili moto na mtu haitiki si usingizi mwanangu, hiyo ni emajensi.

Na msiseme basi tutakunywa maji mengi. Hilo nalo lina mtihani wake. Uingereza mwaka 1995 kulikuwa na binti wa miaka 18 alimeza tembe moja, moja tu, kwenye pati ya besidei yake nyumbani kwao, akanywa maji mengi mno kwa muda mfupi kwa kuogopa joto, chumvi ya damu ikashuka ubongo ukavimba akafariki. Hiyo dawa huzuia mwili kutoa mkojo kama kawaida, kwa hivo maji yanabaki ndani. Ukiacha maji joto linakuua, ukizidisha maji nayo yanakuua. Kitu cha starehe gani hiki ambacho hata maji, neema ya Allah, yanageuka kuwa hatari juu yake?

Halafu hizo mbili alizomeza. Kuna tembe zinauzwa kama moli na ndani hakuna moli, kuna kitu kingine kinaitwa PMA ambacho kinachelewa kupanda, mtu anangoja saa nzima haoni kitu anasema hii ni feki anaongeza ya pili, halafu zote zinapanda pamoja. Sijui kama ndio ilimpata mwenzenu, lakini nakuuliza, nani aliyemwekea muuzaji wenu mizani? Hakuna kebs, wale wa kukagua ubora wa bidhaa, wala muhuri kwa hiyo biashara.

Maziwa nayo, tafadhali. Sijui nani alianzisha hii habari hapa kwetu kwamba maziwa yanaua sumu, kila mtu akipatikana na kitu ni maziwa. Mtu aliyezima hawezi kumeza vizuri, ukimmiminia maziwa yanaingia kwa mapafu anakufa kwa kukabwa na si kwa dawa. Usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, si chali, manake akitapika akiwa chali matapishi yanarudi kooni. Mpunguzie nguo, mtoe kwenye joto, mpepee, mpanguse maji ya kawaida huku mnampeleka hospitali, asiachwe peke yake hata dakika. Na mkifika mwambieni daktari ukweli, alimeza nini na ngapi na saa ngapi na kama kulikuwa na pombe juu yake, msianze hadithi ya alikula kitu kibaya. Daktari anatafuta kumtibu na asipojua anatibu gizani. Na katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haijasema isipokuwa aliyetoka klabu.

Ile huzuni nayo hukuiuliza lakini najua iko. Jumatatu, Jumanne mtu hana raha, analia bila sababu, hana hamu ya kitu, Alfajiri anaamka kwa kujivuta. Hiyo tembe inachukua kemikali ya ubongo inayokupa utulivu inaimwaga yote usiku mmoja. Ni kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, umefurahi leo, kitu kikiingia kesho kinakatwa. Na kijana ambaye tayari ana mawazo mengi hapo ndio shetani anampata, anaanza kufikiria kujidhuru, na nina wazazi wamekuja kwangu wakasema sheikh amerogwa, hapana hajarogwa, muulizeni wikendi alikuwa wapi.

Na si hiyo peke yake inazunguka huko. Kuna ketamini, ambayo ni dawa halali ya kulaza mgonjwa kwa upasuaji, ukipewa na daktari theatre hakuna dhambi hata kidogo, lakini vijana wakiizoea inakula kibofu mpaka mtu wa miaka 25 anaenda chooni kila nusu saa na anakojoa damu. Kuna ile ya maji inaitwa GHB, tofauti ya kipimo cha kuchangamka na kipimo cha kuacha kupumua ni ndogo sana, na ukichanganya na pombe ndio kabisa. Halafu kuna bugizi, zile tembe za usingizi, na nyinyi wote mnajua habari ya mchele hapa Nairobi, mtu anawekewa kwa glasi anaamka kesho hana simu hana pesa, na mabinti wanaamka na jambo baya zaidi na hawakumbuki kitu. Hapa niseme kwa dada zetu wanaosoma, yakikupata hayo wewe huna dhambi, wala usikae ukijiuliza ulivaa nini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kabla hujaoga, manake nyingine kati ya hizi dawa zinapotea kwa mkojo ndani ya masaa 12 hivi, na ile dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya masaa 72. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamshika mtu aliyekuwekea dawa.

Haya, haramu ama si haramu. Ni haramu. Beshte wako anasema haijatajwa, sasa hata bangi haijatajwa kwa jina, hata heroini. Mtume (s.a.w.) alisema kila kileo ni khamr na kila khamr ni haramu, na akasema kitu ambacho kingi chake kinalevya basi hata kidogo chake ni haramu, kwa hivo hiyo nusu yako imeingia hapo. Sayyidna Umar alisimama kwenye mimbari akasema khamr ni kile kinachofunika akili, na hakuuliza kama kinanuka mdomoni. Na hata tukiweka ulevi kando, madhara peke yake yanatosha, Allah anasema msijitie kwa mikono yenu kwenye maangamizi, Baqara 195. Hakuna mwanachuoni ninayemjua anayetafuta mlango hapo.

Hiyo ya siku arobaini ndio inanikera manake imeharibu wengi. Hadithi iko, kwa Tirmidhi na wengine, lakini maulamaa wameieleza, maana yake ni thawabu anakosa, faradhi bado iko shingoni mwake. Akiacha kuswali kwa sababu hiyo amechukua dhambi moja akaiongezea nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Na hadithi yenyewe inaendelea, akitubu Allah anamkubalia toba yake, sijui kwa nini hiyo sehemu huwa haifiki huko kwenu kwa mabeshte. Usiswali tu ukiwa umelewa hujui unachosema, hiyo ni Nisaa 43, lakini akili ikirudi swali, na ulizozipitisha zilipe.

Na wewe usijione mnafiki ati unameza Jumamosi na unaswali Alfajiri. Kwenye Bukhari kuna mtu zama za Mtume alikuwa akimchekesha sana Mtume, na alikuwa analetwa kwa sababu ya pombe, mara kwa mara. Siku moja mmoja akamlaani, Mtume akamkataza, akasema msimlaani, naapa najua kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipewa, lakini kulaaniwa na kutupwa nje hapana. Kama unaona ukitaka kuacha unashindwa, piga 1192, ni ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na mihadarati, haina malipo, na hospitali ya Mathari pia kuna kitengo cha watu wa mihadarati. Kutafuta matibabu hakupunguzi imani yako.

Kwa mamake, yeye mwenyewe ndio aanze. Mkae naye, mumpeleke kwanza kupimwa figo na damu wiki hii hii hata kama anasema yuko poa, manake madhara ya figo yanaweza kuchelewa kuonekana. Mpeni nafasi amwambie mamake au mjomba wake au mtu mzima anayemwamini. Akikataa na mkiona anaendelea, basi mwambieni mtu mmoja wa familia anayeweza kusaidia, huyo mmoja tu, na hiyo haihesabiki kusengenya.

Tembe tatu usiuze. Mtu alimletea Mtume kiriba cha mvinyo kama zawadi, akaambiwa hii imeshaharamishwa, yule bwana akamnong'oneza mwenzake aende akauze. Mtume akamuuliza umemnong'oneza nini, akasema nimemwambia auze, akamjibu aliyeharamisha kuinywa ameharamisha na kuiuza. Yule bwana akafungua kiriba kikamwagika chote pale pale. Iko kwa Muslim. Halafu ukiuza na huyo mnunuzi akalala siti ya nyuma ya gari la mtu kama mwenzenu, utamjibu nini Mola wako? Hata ukiweka dini kando, kwa sheria ya mihadarati ya 1994 mtumiaji akiuza anageuka kuwa mlanguzi na kifungo chake ni cha miaka mingi. Hiyo pesa ihesabu imeenda. Leo ukimaliza kusoma hii, kabla ya Maghrib, saga hizo tembe, tia chooni, flashi, na namba ya huyo muuzaji uifute kwa simu.

Wallahu aalam.