Kwa Mnaokimbiza Muda Moshi: Kilomita ya Kwanza Iacheni Ipite

Kila mwaka Februari ikielekea ukingoni ni yale yale. Wadogo zetu wa klabu za joging wanateremka stendi ya Moshi na fulana mpya, viatu vipya (viatu vipya, jamani!) na lengo moja: nusu marathoni ya Kilimanjaro chini ya saa mbili. Mazoezi wamefanya. Kilomita za Jumapili zipo miguuni, intavo (mbio fupi za kasi na kupumzika kwa zamu) zipo, uzito umepungua. Halafu wanavichoma vyote ndani ya kilomita mbili za mwanzo, na ikifika katikati ya mlima wa Mweka, ule mwinuko wa nusu ya kwanza ya njia, wanatembea mikono kiunoni kama wakaguzi wa mashamba ya kahawa.

Haya ni kwa ajili yao. Mnaokuja kuimba na kupiga selfi, karibuni sana, mbio ni zenu pia. Ombi langu kwenu liko kwenye namba 3.

1. Ijue hesabu yako kabla ya kuifukuza. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Saa mbili kamili ni wastani wa 5:41 (dakika 5 na sekunde 41) kwa kilomita. Saa 1:45 ni 4:58. Wanaotaka saa 1:30 huandika 4:16 mkononi kwa biki, wakaishikilia mpaka mwisho kwa nidhamu ya ajabu, wakapata 1:30:01. Andika 4:15.

Na hiyo bado ni hesabu ya karatasini. Njia ya mbio inayopimwa kwa utaratibu wa kimataifa hupimwa kwa baiskeli, kwenye mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kila kona. Ukiwa katikati ya maelfu ya watu mstari huo hukanyagi. Utazunguka huyu, utapanuka kwenye kona, utahamia upande wa maji, na saa ya mkononi itasoma 21.3 hadi 21.5. Tuseme imesoma 21.4 na wewe umeshikilia 5:41 mwanzo mwisho: umemaliza kwa 2:01:37, unalia, unasema njia ilikuwa ndefu. Njia haikuwa ndefu. Kwenye msongamano, lengo la saa mbili ni 5:36 kwa saa ya mkononi. Tena zima ile lapu (hesabu ya kila kilomita kwenye saa) inayojibonyeza yenyewe. Bonyeza kwa kidole kila unapopita kibao cha kilomita, maana vibao ndivyo vinavyofuata kipimo cha njia.

2. Yale madogo. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu, hasa wanaume, ambao hawaamini mpaka waone fulana ina damu. Pini nne za kubania namba ya mbio kifuani, si mbili. Chai, mkate na asali, au uji, muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Maharage yasubiri mchana. Foleni ya choo ingia mapema kuliko unavyodhani, na karatasi yako mfukoni. Namba ukishachukua, rudi ulale. Kuzunguka mjini Jumamosi nzima juani ni mazoezi ambayo hayamo kwenye ratiba.

3. Mahali pa kusimama. Msimame kwa mwendo mnaokwenda kukimbia, si kwa saa mliyofika uwanjani. Anayekimbia saa mbili na nusu akisimama mbele hajipatii chochote, kwa sababu chipu (kifaa cha kupimia muda) inaanza kuhesabu anapovuka mkeka wa kuanzia, ila anawafungia njia watu mia. Na anayekimbia saa moja na nusu akisimama nyuma kwa sababu alikuwa bado anapiga picha na shemeji yake, huyo amejifungia mwenyewe. Kama kuna mtu mwenye bango la muda unaoutaka, simama nyuma yake hatua tano au sita. Ukibanana naye utakuwa kwenye lile kundi linalokanyagana visigino.

Dakika zote unazosubiri kabla ya kufika mkekani si zako kuzihofia. Muda wa mlio wa kuanzia ni wa wanaogombea zawadi. Wewe wako ni wa chipu.

4. Kilomita ya kwanza. Hapa ndipo pananitoa roho, kwa hiyo nivumilieni.

Inakwenda hivi. Mlio umelia, mnatembea, mnajikongoja, mnasimama, mnavuka mkeka. Barabara imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kijana mwenye 5:41 kichwani anatazama mwendo kwenye saa: 7:10. Anatazama tena: 6:55. Moyo unamwambia anaibiwa. Anaruka ukingo wa barabara, anakimbia kwenye vumbi, anarudi kwenye lami, anapenya katikati ya kina mama wawili, anapiga breki nyuma ya mgongo mpana, anakata kulia, anaongeza gesi. Kibao cha kilomita ya kwanza kinamkuta kwenye 6:40. Amepoteza sekunde 59, na ameamua atazirudisha zote kwenye kilomita ya pili.

Fanya hesabu. Kurudisha sekunde 59 ndani ya kilomita moja ni kuikimbia kwa 4:42. Mtu wa saa mbili kwenye nusu marathoni, akikimbia kilomita 5 peke yake kwa nguvu zake zote, huenda kama 5:10 hivi kwa kilomita. Kwa hiyo anajipa kazi ambayo haiwezi hata akiwa freshi kwenye barabara tupu, na anaifanya akipenya watu, huku mlima wa Mweka ukimngoja.

Wengi hudhani hasara iko kwenye umbali wa kuzunguka. Ni ndogo. Ukihama upande mmoja hadi mwingine wa barabara ya mita 7 huku umesonga mbele mita 20, umeongeza kama mita 1.2 tu. Fanya hivyo mara 50, ni mita 60, yaani sekunde kama 20. Si kifo. Kinachoua ni breki na gesi. Kila unapompita mtu kwa kushtukia unapanda ghafla hadi 4:30 kwa hatua kumi na tano, kisha unakutana na mgongo mwingine, unapunguza, unasubiri, unaruka tena. Mara thelathini ndani ya kilomita mbili. Hizo ni intavo, na hakuna kocha atakayekupa intavo kabla ya kupanda mlima. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inaungua haraka mno, pumzi inapanda, mapigo yanapanda, na hayashuki tena kwa sababu ardhi yenyewe imeanza kuinuka. Ndiyo maana hawakati moto pale pale. Wanakata kilomita ya saba au ya nane, wakalaumu hewa ya mlima. Moshi mjini ni mita 800 na ushee juu ya bahari. Hewa ipo ya kutosha.

Dawa yake inachosha kwa urahisi wake. Kilomita ya kwanza usifanye lolote. Ikitoka 6:40, ni 6:40. Sekunde 59 ukizigawa kwenye kilomita 20 zilizobaki ni sekunde 3 kwa kila moja, na miguu haitajua. Ukizigawa kwenye mteremko wa kurudi peke yake hazifiki 6 kwa kilomita. Kuanzia kilomita ya pili tafuta mtu mmoja wa mwendo wako, ikiwezekana mrefu na anayejua kupasua njia, kaa nyuma yake mita moja na nusu. Usitazame visigino vyake. Tazama juu ya bega lake, mita kumi hadi kumi na tano mbele, uone nafasi kabla haijafunguka, kisha uiendee kwa mshazari taratibu bila kubadilisha mwendo. Ukilazimika kuongeza gesi ili upite, bado hujapata nafasi.

Kama mnahitaji mfano wa mtu mzima, mnaye wa nyumbani. Alphonce Simbu, mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025: marathoni nzima, kisha akambana Mjerumani Amanal Petros mita za mwisho kabisa ndani ya uwanja. Wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, dhahabu ikaja Tanzania. Huyo alisubiri kilomita 42. Wewe unashindwa kusubiri moja?

5. Vikundi. Klabu yenye filimbi na nyimbo ikijaza barabara safu kwa safu, usiipasue katikati. Utamgonga mtu, na wimbo utageuka matusi. Sema kwa sauti upande unaopita, "Kulia! Nipishe kulia!", ngoja sekunde mbili, pita pembeni. Ila chunga ukingo wa lami: mahali inapoishia kuna ngazi ndogo ya kushuka hadi kwenye vumbi, na vifundo vya miguu vingi vimeishia hapo. Ukishuka kwenye vumbi, baki huko mpaka kundi lote liishe, ndipo upande. Kuruka juu chini mara sita ndiko kunakoleta balaa.

6. Maji. Kwenye kila kituo cha maji, meza ya kwanza ndiyo wote wanayoivamia, kwa hiyo ipite. Nenda ya mwisho. Mtazame machoni anayegawa, mwonyeshe kidole, pokea kwa mkono ulio upande wake. Kikombe kibane mdomo kiwe kama chuchu ya birika, la sivyo utakunywa kwa pua. Ukipewa chupa, usiigide yote kwa fujo: kunywa mafundo mawili, tembea nayo mita mia kadhaa, jimwagie kiasi kisogoni, maana Februari Moshi jua halina huruma. Vifuniko na chupa tupu barabarani vinateleza kuliko matope. Jeli moja (kipakiti cha chakula laini cha wakimbiaji) ina kama gramu 20 hadi 25 za wanga. Meza kabla kidogo ya meza ya maji, usukumie na maji matupu. Na kama hujawahi kuila mazoezini, usiianzie siku hiyo, tumbo halijali medali.

7. Kupanda Mweka. Nusu ya kwanza ya njia inapanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, kisha mnageuza na kurudi. Kwa hiyo anayegawa muda sawa kwa sawa amekosea kabla hajafunga kamba. Mfano kwa saa mbili: panda kwa 6:05, utageuka kwenye kama saa 1:04, rudi kwa 5:17. Ukigeuka kwenye dakika 58 ukajipongeza, jiandae kutembea. Mlimani acha mambo ya mwendo, kimbia kwa pumzi: ukiweza kusema maneno manne matano kwa mpigo, sawa, ukisema mawili, punguza. Fupisha hatua, mikono ifanye kazi, macho yasitazame kileleni. Na mnaotoka Dar, Daraja la Tanzanite si mlima. Wiki nane kabla, nendeni Pugu na Kisarawe.

Mteremko haurudishi chote kilichochukuliwa na mlima. Mwenye saa mbili za jasho kwenye barabara tambarare asitegemee saa mbili Moshi. Anahitaji kuwa wa 1:56 au 1:57 ndipo azungumze. Kama unataka tu namba ndogo ya maisha yako, tafuta mbio za tambarare, hakuna aibu.

8. Kushuka. Hapa muda unapatikana, na hapa mapaja yanakufa. Misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki kila hatua, na ukitupa mguu mbali mbele ya mwili kila kutua ni nyundo. Hatua fupi, za haraka, mwili umeinama kidogo kutoka vifundoni, si kiunoni. Jisikilize: soli zikipiga paa, paa, paa, unavunja mwendo, zikiwa kimya, uko sawa. Kilomita mbili za kwanza za kushuka jizuie kidogo, halafu achia. Kamba za viatu zifunge mpaka tundu la mwisho la juu ili mguu usiteleze mbele, la sivyo kucha mbili utaziacha Mweka.

Kumbukeni barabara ni moja na watu wanapishana. Unaposhuka, wapo wa kilomita 21 ambao bado wanapanda, na wa 42 nao wanapanda hapo hapo kwenye nusu yao ya pili, wamechoka, wengine wanatembea. Kona kata ndani ya upande wako tu. Na msiwapigie kelele wa 42.

9. Kilomita mbili za mwisho. Mjini watu wanajaa tena. Unachopita sasa ni watu waliochoka, wanaohama upande bila kuangalia, kwa hiyo anza kuchagua njia mapema na kaa upande usio na meza za maji. Mbio za mwisho zisianze kabla hujaingia uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia. Ukianzia barabarani utakuta mlango umebana na gesi imeisha.

Saa usiibonyeze juu ya mkeka. Picha karibu zote za kumalizia zina watu wameinamia mkono, kisogo kikitazama kamera, halafu wanauliza mpiga picha alikuwa wapi. Chipu imeshachukua muda wako. Vuka mkeka wote, inua kichwa, endelea kutembea mita hamsini bila kukaa chini, chukua maji, toka mlangoni. Kuna watu elfu nyuma yako, na nao wana muda wanaoufukuza.