Meno ya kubebea magogo kwenye ndoo ya trekta

Kaka wa Masindi uliyeuliza jinsi ya kuweka meno, yaani vyuma virefu vya kubebea magogo, kwenye ndoo ya mbele ya trekta, usiyachomelee moja kwa moja kwenye ndoo. Kesho utataka kuzoa mchanga na yatakusumbua. Mwambie fundi atengeneze ya kubana kwa bolti nene, uyafunge karibu na kingo mbili za ndoo. Pale katikati mdomo hauna nguvu, gogo la mkaratusi mbichi linaupinda. Yaunganishe kwa mnyororo yasiachane. Ila mzigo ukikaa mbele zaidi, trekta inabeba kidogo kuliko ulivyozoea, na uzito wa meno yenyewe unahesabiwa. Funga kitu kizito nyuma ya trekta kuisawazisha, endesha magogo yakiwa chini. Ukiyainua juu mteremkoni unaweza kupinduka, na hizi trekta kuukuu zetu nyingi hazina hata fremu ya kumkinga dereva. Bolti zikaze tena baada ya safari za kwanza, huwa zinalegea.