Kabla hujaniuliza Flutter au React Native, niambie mteja wako anafunga kitabu saa ngapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dodoma aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nataka kutengeneza mfumo wa maduka utakaofanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta. Nitumie Flutter au React Native?" Hizo ni zana mbili za kuandikia programu moja iendeshwe kwenye vifaa vya aina nyingi. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena. Swali hilohilo niliuliza mimi mwaka 2019, nikatajiwa jina la zana, nikaridhika. Yaliyofuata sijawahi kuyaandika. Leo nayaandika kwa sababu najua wengi mnaonisoma mko njia moja na mimi: mnataka programu yenu iingie kila kifaa, na mnataka iwalipe.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mwenye duka la dawa Mwanza, duka linalofungua usiku kucha. Kaunta ilikuwa na kompyuta ya Windows 7. Vijana wawili wa kupeleka dawa kwa bodaboda walikuwa na simu za Android za bei ya chini, zile ambazo ukifungua programu tatu, ya kwanza inajifunga. Mama mwenyewe alikuwa na iPhone. Programu ya kaunta niliiandika kwa lugha ya Java, kwa sababu tangu mwaka 1995 Java ilijulikana kwa ahadi ya kuandika mara moja na kuendesha popote. Ya simu niliiandika kwa Flutter, ambayo toleo lake la 1.0 lilikuwa limetoka Desemba 2018. Katikati nikaweka seva ya Linux, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kukusanya mauzo yote, yenye programu niliyoiandika kwa lugha ya PHP. Vyote vitatu vikaelewana, nikaona nimefika.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Nilipopakia picha za dawa kwenye seva, nusu yake hazikuonekana, ilhali kwenye kompyuta mpakato yangu ya Windows zilionekana zote. Kwa kawaida Windows haitofautishi "Panadol.PNG" na "panadol.png", kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Nikabadilisha majina yote yawe ya herufi ndogo usiku huohuo, nikalala. Nilipaswa kushtuka. Mashine mbili zilikuwa zimeniambia wazi kwamba haziioni dunia kwa jicho moja, mimi nikaona ni habari ya picha tu.

Sasa sikieni kilichotokea. Pale dukani kitabu cha siku kilifungwa saa sita kamili usiku. Fedha zinahesabiwa, zinatiwa kwenye bahasha ya kaki, inaandikwa tarehe, inaingia kwenye sefu. Mauzo yanayofuata ni ya bahasha ya kesho. Siku ya kwanza ya ripoti ya simu ilikuwa Jumamosi. Jumapili asubuhi mama akafungua iPhone yake: mauzo ya Jumamosi yamezidi fedha za bahasha kwa shilingi 186,400. Akahesabu upya, ikawa vilevile. Bahasha ilikuwa imefungwa na dada wa zamu ya usiku.

Mama akanipigia. "Mwanangu, huu mfumo wako unaweza kukosea?"

"Hapana mama, hesabu haiwezi kukosea."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu. Dada akaambiwa akae nyumbani mpaka aeleze fedha zimekwenda wapi.

Siku zilizofuata tarakimu zikawa zinapanda na kushuka, leo zimezidi, kesho zimepungua, na dada hayupo. Siku ya nne nikaenda dukani. Nikachapa orodha ya mauzo ya Jumamosi kutoka kaunta na nyingine kutoka seva, nikazilaza sambamba juu ya kioo cha kaunta, nikapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Kila mstari uliokuwa kwenye orodha ya seva na haupo kwenye ya kaunta ulikuwa wa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Pakiti mbili za ORS, saa saba na dakika kumi. Dawa ya kikohozi ya mtoto, saa nane kasorobo. Nilipofika mstari wa tano nikaweka kalamu chini. Tofauti ya saa tatu kamili. Seva yangu ilikuwa inatumia saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Kwa seva, saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili zilikuwa bado ni saa tano usiku, tarehe ya Jumamosi. Fedha zote zilikuwemo kwenye bahasha ya Jumapili. Haikupungua hata mia.

Nilimweleza mama palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umenifanya nimdhulumu mtoto wa watu." Alinilipa kilichobaki, akarudi kwenye daftari lake. Dada nilimtafuta kwa simu kumwomba radhi. Alisema, "Nimesikia, kaka," akakata. Pale dukani hakurudi tena. Miaka imepita na sauti ile bado iko masikioni mwangu.

Ndugu zangu, kosa halikuwa la Java, wala Flutter, wala PHP. Kosa ni kwamba hesabu ya "mauzo ya leo" niliiandika upya kwenye kila jukwaa, na hapakuwa na mahali hata pamoja palipoandikwa "leo" ni nini. Kaunta ilifuata saa ya kompyuta. Seva ilifuata UTC. Simu za vijana zilifuata saa yoyote ambayo mwenye simu aliiweka. Kila mmoja alikuwa na leo yake.

Kwa hiyo kiini cha kazi, yaani hesabu na kanuni zake, kiandike mara moja, kikae mahali pamoja, na majukwaa yote yakiulize hicho. Muda uhifadhi kwa UTC, kisha siku ya biashara ikokotolewe kwa jina la eneo la saa ambalo kompyuta hulitambua, Africa/Dar_es_Salaam. Usiandike kujumlisha saa tatu kwa mkono: mteja akifungua tawi Kigali au Bujumbura, wenzetu kule wako saa moja nyuma yetu, na utarudi kulekule nilikopotelea. Shilingi zihifadhi kwa namba kamili, maana kwa desimali za kawaida za kompyuta 0.1 ukijumlisha na 0.2 haitoki 0.3 kamili. Namba za simu zihifadhi kama maandishi, hata kwenye Excel ya mhasibu, la sivyo sifuri ya mbele itapotea. Kiini kimoja, mahali pamoja. Nitalirudia hili kila nikipata nafasi.

Kingo za mfumo, yaani simu, printa na vifaa vingine unavyogusana navyo, ndizo zinazotofautiana, na hapo hakuna zana itakayokuokoa. Chukua printa ndogo ya risiti, ile ya karatasi ya milimita 58. Kwa herufi za kawaida mstari wake unabeba herufi 32, hivyo jina refu la dawa lazima uamue wewe linakatwa wapi. Nyingi huunganishwa kwa Bluetooth ya zamani, na Android inazungumza nazo bila shida. iPhone haizungumzi nazo: kwake njia hiyo ni ya vifaa vyenye kibali cha Apple tu, kwa hiyo unahitaji printa yenye Bluetooth ya nishati ndogo. Nami nilikuwa nimeshamwahidi mama kwamba atachapa risiti kutoka simu yake! Na hata Android, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, simu ikitulia bila chaja, mfumo huzizuia programu zilizo nyuma zisitumie mtandao kwa muda. Ukitegemea mauzo yapande kwenye seva yenyewe kila dakika, utangoja. Jaribu kwenye simu ya mteja. Sio simu yako, ya mteja.

Mwezi uliopita niliwasha mfumo wangu mpya kwenye duka lenye matawi matatu, moja la usiku. Nilikaa kaunta mwenyewe kuanzia saa tano hadi saa kumi alfajiri. Saa sita na dakika mbili nikauza pakiti ya ORS, nikaangalia: kaunta, Alhamisi. Simu ya msimamizi, Alhamisi. iPhone ya mwenye duka, Alhamisi. Msichana wa zamu alinitazama asielewe kwa nini mtu mzima ametokwa na machozi kwa sababu ya pakiti ya ORS. Nilijivunia kazi yangu usiku ule, na sioni haya kusema.

Mdogo wangu wa Dodoma, Flutter itakutosha. Tangu 2022 inatengeneza programu za Windows kwa toleo thabiti. Lakini kabla hujaandika mstari wowote, nenda dukani kwa mteja na daftari. Andika simu zao zote na toleo la Android la kila moja, Windows iliyopo kaunta, aina ya printa, na saa wanayofunga kitabu cha siku. Ukurasa huo upige picha, unitumie.