Kabla hujapunguza gridi, kagua vipimo

Vijana wanaoanza kazi ya modeli za hali ya hewa huniuliza karibu swali lile lile: nishushe gridi, yaani upana wa visanduku ambavyo modeli hugawa eneo, hadi kilomita ngapi? Wana WRF, modeli ya kutabiri eneo dogo, inayoanzia kwenye data za GFS, modeli ya Marekani ya dunia nzima; wamepata seva yenye nguvu kidogo, na wanaamini gridi ya kilomita 3 ndiyo itakayowapa mvua ya Ziwa Victoria inayoeleweka. Huwa nawajibu waache gridi kwanza, watazame modeli inaanzia wapi. Ikianza na hewa ambayo haipo, gridi ndogo itakuchorea uongo ule ule kwa ufasaha zaidi.

Hili si jipya. Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha mwaka 1922 hesabu ya utabiri aliyoifanya kwa mkono, ya tarehe 20 Mei 1910 huko Ulaya ya Kati. Hesabu ilimwambia mgandamizo wa hewa utapanda hektopaskali 145 ndani ya saa sita. Siku ile mgandamizo haukubadilika sana. Miaka mingi baadaye Peter Lynch, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ireland, alirudia kazi hiyo kwa milinganyo ile ile, ila kwanza akalainisha data za kuanzia ili upepo na mgandamizo visigombane. Badiliko likashuka chini ya hektopaskali moja. Yaani milinganyo ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye data za kuanzia.

Kazi ya kuingiza vipimo kwenye modeli, ambayo wenyewe tunaiita asimilesheni, ni kusuluhisha mashahidi wawili. Modeli inaleta makisio yake, vipimo vinaleta yao, na hesabu inaamua kila upande uaminiwe kiasi gani kulingana na makosa yake yanayojulikana. Usipomjua shahidi, huwezi kumpa uzito unaomstahili. Ndiyo maana nashauri wiki kadhaa za mwanzo usiingize kipimo chochote. Endesha modeli kama kawaida, kisha kwa kila kituo toa makisio ya modeli kwenye kipimo, saa kwa saa, uchore grafu.

Grafu hizo zinasema mengi. Kituo chenye tofauti ile ile kila siku mara nyingi kina tatizo la kimo: kikiwa mita 200 juu ya ardhi ya modeli, joto pekee litatofautiana zaidi ya nyuzi moja, na mgandamizo kwa karibu hektopaskali 20. Hapo kifaa hakina kosa. Tofauti inayopanda mchana na kushuka usiku, kwa miji ya ufukweni kama Musoma na Bukoba, humaanisha modeli imekiweka kituo kwenye kisanduku cha maji. Tofauti inayoruka hovyo, hapo ndipo umpigie simu mtu wa kituoni.

Kagua na saa. Mvua yetu husomwa saa tatu asubuhi, yaani 06 UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo kinachoandikwa leo kwa sehemu kubwa kilinyesha jana. Ukikilinganisha na mvua ya modeli ya usiku wa manane hadi usiku wa manane, utailaumu modeli bure.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye somo la asimilesheni lakini linaharibu yote: joto la uso wa ziwa. Usipoangalia, programu za kuandaa data huweza kulijaza ziwa joto lililovutwa kutoka Bahari ya Hindi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na lina tabia zake. Ukikosea nyuzi mbili tatu hapo, radi za usiku zitazidi au zitapotea, na hakuna kituo cha nchi kavu kitakachokuokoa.

Halafu fanya jaribio la kipimo kimoja. Weka kipimo kimoja tu cha joto pale Mwanza, kiwe nyuzi moja juu ya makisio, uone badiliko linasambaa hadi wapi. Likifika Dodoma, basi takwimu za makosa ulizotumia ni zile za dunia nzima zinazokuja na programu. Tengeneza zako: chukua utabiri wa saa 24 na wa saa 12 unaoishia muda mmoja, kwa mwezi mzima au zaidi wa msimu unaoutaka, na tofauti zake ndizo zitakazokuonyesha makosa ya modeli yako yanavyosambaa. Kazi inachosha, lakini kwa maoni yangu inalipa kuliko kuongeza vituo kumi.

Ukipata nafasi ya kutafuta vipimo vipya, tafuta upepo. Ulaya ukijua mgandamizo, upepo unaukisia vizuri. Kwetu karibu na ikweta nguvu ya Coriolis, ile inayopindisha upepo kwa sababu dunia inazunguka, ni hafifu, mgandamizo haukuambii mengi, na upepo lazima upimwe wenyewe. Setilaiti ya Aeolus, iliyopima upepo kwa leza kuanzia 2018 hadi 2023, ilisaidia sana ukanda huu wa tropiki kwa sababu hiyo. Sasa tumebaki na upepo unaokisiwa kutokana na mwendo wa mawingu, data za ndege zinazopaa na kutua, rada kama ile ya Mwanza, na maputo yanayopaa na vifaa vya kupima. Viwango ambavyo WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ilivipitisha mwaka 2021 vinataka kituo cha puto kila kilomita 500, mara mbili kwa siku. Ukanda wetu uko mbali na hapo, kwa hiyo puto moja lililopotea kwetu ni hasara kubwa.

Kupima mafanikio: vituo vichache viache nje kabisa, ulinganishe navyo. Modeli kukubaliana na kituo ulichokiingiza si habari. Na usitafute faida siku ya tatu. Kwenye eneo dogo, hewa inayoingia mipakani kutoka GFS huisukuma nje kazi yako mapema; angalia saa 6 hadi 12 za mwanzo. Kwa ziwa hili zinatosha, kwa sababu upepo wa nchi kavu hukutana majini usiku, radi zikaelemea upande wa magharibi hadi alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Puto la 12 UTC huruka kwetu saa tisa alasiri, na utabiri wake unaweza kuwa tayari kabla mitumbwi haijatoka. La 00 UTC, saa tisa usiku, linawakuta tayari majini. Kama nguvu zako zinatosha mzunguko mmoja tu wa uhakika wa kuingiza vipimo na kutabiri kwa siku, chagua wa alasiri.